Kuyafuata Majitaka Kutoka Lyamungu Hadi Mabogini

Bomang'ombe ni makao makuu ya Wilaya ya Hai, lakini kwa wasafiri wengi ni mji wa kupita tu. Basi linatoka Arusha, linasimama kidogo, abiria wananunua ndizi na maji ya chupa kupitia dirishani, kisha safari ya Moshi inaendelea. Wanaoshuka hapa wengine hushika njia ya kaskazini kwenda Sanya Juu, na wengine hushuka kusini kupitia Rundugai hadi chemchemi za Chemka, ambako maji ya uvuguvugu hutoka chini ya mizizi ya miti mikubwa yakiwa maangavu mpaka mchanga wa chini unaonekana. Mimi nilishuka kwa shauri jingine. Nilitaka kuyafuata maji ya mlima huu baada ya watu kumaliza kuyatumia: yakitoka kwenye mashine ya kahawa, kwenye pipa la kutengenezea ngozi, kwenye kiwanda cha sukari. Yanaondoka na nini? Na katika hicho yanachoondoka nacho, kipi kinaweza kuchopolewa kabla hayajafika mtoni?

Ukitoka Bomang'ombe kuelekea Moshi, barabara kuu inavuka Kikafu, Weruweru na Karanga. Mito hiyo inaanzia kwenye msitu wa Kilimanjaro, mlima wa mita 5,895, na Wachaga wameichepusha kwa mifereji iitwayo mifongo tangu zamani za mababu ili kumwagilia migomba na kahawa. Huko chini, maji yake huingia Kikuletwa, na Kikuletwa huingia bwawa la Nyumba ya Mungu, lenye mtambo wa umeme wa megawati 8 na wavuvi wanaoutegemea ufuo wake. Kutoka bwawani unaanza mto Pangani, unaozungusha mitambo ya Hale na Pangani kabla ya kumwaga maji yake kwenye Bahari ya Hindi. Kwa hiyo ndoo inayomwagwa Machame ina majirani mpaka Tanga. Ndiyo maana bonde hili lilipewa ofisi yake ya maji mapema, mwaka 1991, na makao yake yako Moshi.

Nilianzia juu, kwenye kahawa. Kuelekea Machame na Lyamungu barabara inapanda katikati ya vihamba, yale mashamba ya nyumbani ya Wachaga, migomba ikiwa imeinamia kahawa, kahawa ikiwa imekaa chini ya kivuli cha miti mirefu. Lyamungu ndipo kilipo kituo cha utafiti wa kahawa kilichoanzishwa mwaka 1934, ambacho tangu mwaka 2001 ni makao ya Taasisi ya Utafiti wa Kahawa Tanzania, TaCRI. Katika kihamba kimoja mama mmoja alikuwa akizungusha kwa mkono mashine ya kumenyea kahawa, maganda mekundu yakianguka upande huu, buni zenye utelezi zikianguka upande ule.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, karibu. Sogea, utalowa."

Maji yake aliyamwaga kwenye shina la mgomba, na kwa kiasi kile hayakuwa na ubaya wowote. Ubaya huanza pale kahawa ya vihamba mamia inapokusanywa kwenye kituo kimoja cha kumenyea, maarufu kama CPU, wakati wa mavuno, ambao ndio wakati mito mingi ya ukanda huu huwa imepungua. Ule utelezi unaozunguka buni ni sukari na pektini. Ukilowekwa unachacha, maji yanakuwa machachu, na yakiingia mtoni bakteria huyashambulia kwa pupa na kutumia oksijeni yote ambayo samaki na wadudu wa majini wangeivuta. Mahitaji hayo ya oksijeni yanaweza kufika miligramu 20,000 kwa lita katika maji ya kumenyea na kuoshea yanayotumiwa kwa kurudiarudia. Kanuni za Tanzania za mwaka 2007 kuhusu ubora wa maji zinataka majitaka yanayotolewa kwenye mazingira yasizidi miligramu 30.

Ndani ya maji hayohayo mna kafeini pia, na ni kafeini itakayotusaidia kuuelewa mtambo nilioutafuta katika safari hii, mnara wa mapigo, unaochopoa uchafu kwenye maji kwa kutumia kiyeyusho. Lita moja ya maji katika joto la kawaida la chumba hubeba kama gramu 20 za kafeini. Lita moja ya kiyeyusho kinachoitwa dikloromethani hubeba kama gramu 140. Vimiminika hivi viwili havichangamani; ukivitikisa pamoja kwenye chupa na kuviacha vitulie, vinajitenga tabaka mbili, kiyeyusho chini na maji juu. Lakini katika muda huo wa kutikiswa, sehemu kubwa ya kafeini imehama. Imetoka ilikokuwa imebanwa na imekwenda inakokaa kwa raha zaidi. Hakuna kilichochemshwa wala kilichochujwa.

Kazi hiyo ndiyo iliyompa mteja wa Ulaya kahawa isiyo na kafeini. Ludwig Roselius, mfanyabiashara wa kahawa wa Bremen, Ujerumani, alianzisha kampuni ya Kaffee HAG mwaka 1906 akitumia benzini, kiyeyusho ambacho leo kinajulikana kuwa kinasababisha saratani. Baadaye ikabuniwa njia nyingine: buni mbichi zinalowekwa kwenye maji ya moto, maji yale yanakutanishwa na kiyeyusho ili yaache kafeini tu, kisha yanarudishwa kwenye buni pamoja na ladha yake. Chama kikuu cha wakulima wa mlima huu, KNCU, kilichosajiliwa mwaka 1933, kimeuza kahawa kwa miongo mingi kwenye masoko ambako kazi hii inafanyika. Mkulima wa Lyamungu ameilisha kemia hii bila kuonyeshwa mtambo wake.

Sasa mtambo wenyewe. Uchukulie kuwa ni bomba nene lililosimamishwa wima, lenye urefu wa mita kadhaa, ambalo ndani yake limejazwa vipande vidogo vya kauri, chuma au plastiki. Mara nyingi vipande hivyo ni vipingili vifupi vya bomba ambavyo urefu wake ni sawa na upana wake, umbo lililobuniwa na Mjerumani Fritz Raschig mwanzoni mwa karne ya 20. Majitaka yanaingizwa juu na kushuka yakipenya kati ya vipande hivyo. Kiyeyusho, kikiwa chepesi kuliko maji kama yalivyo mafuta ya taa, kinaingizwa chini na kupanda kikiwa matone. Vinapishana njiani, na uchafu unahama kutoka kwenye maji kwenda kwenye matone. Juu kinatoka kiyeyusho kilichobeba uchafu. Chini yanatoka maji yaliyopungukiwa nao.

Kinachoutofautisha mnara huu na bomba la kawaida ni mapigo. Pampu au mgandamizo wa hewa unaisukuma shehena yote ya ndani juu na chini, sentimita moja au mbili hivi, pigo moja au zaidi kila sekunde. Kila pigo linayagonga matone kwenye vipande vile na kuyapasua. Tone la upana wa milimita 4 likipasuka kuwa matone ya milimita 1 linatoa matone 64, na jumla ya ngozi yao inayogusana na maji inakuwa mara nne ya ile ya mwanzo. Uchafu hupita kwenye ngozi hiyo. Ikiongezeka, kazi inakwenda haraka zaidi, na mnara unaweza kuwa mfupi. Mpigo ukizidi, matone yanakuwa madogo mno, hayapandi tena, yanaburutwa na maji kwenda chini, na mnara unafurika. Fundi wa mtambo huu anaishi kati ya mipaka hiyo miwili, na sehemu kubwa ya utafiti wa minara ya mapigo ni kuutafuta mpaka wa kufurika kwa kila aina ya kiyeyusho na kila aina ya maji.

Kupishana kwenyewe kuna faida ambayo mama yeyote anayesuuza nguo anaijua: ndoo moja ya maji ikigawanywa mara tatu hutoa sabuni zaidi kuliko kuimwaga yote kwa mara moja. Hesabu yake ni hii. Tuseme uchafu unakipenda kiyeyusho mara tisa kuliko maji. Lita moja ya maji ikikutanishwa mara moja na lita moja ya kiyeyusho, inabaki sehemu moja kati ya kumi ya uchafu. Lita ileile ya kiyeyusho ikigawanywa mafungu matatu sawa na kutumiwa kwa zamu, inabaki sehemu moja kati ya 64. Mnara unafanya zamu hizo nyingi bila kusimama, na unazidi hata hapo, kwa sababu maji yanayokaribia kutoka ndiyo yanayokutana na kiyeyusho kipya kabisa.

Mholanzi Willem van Dijck alipata hataza ya mnara wa mapigo mwaka 1935. Uliokuza matumizi yake ni mradi wa nyuklia wa Marekani baada ya Vita Kuu ya Pili: huko Hanford, jimbo la Washington, minara ya mapigo ilitumika kuchopoa plutoniamu na uraniamu kutoka kwenye asidi. Ilipendwa kwa sababu ndani ya mnara hakuna kinachozunguka wala kinachohitaji grisi. Pampu inakaa nje, nyuma ya ukuta mnene, na hakuna fundi anayelazimika kuingia penye mionzi kubadilisha beringi. Mwishoni mwa miaka ya 1990 mgodi wa Olympic Dam, Australia, uliweka minara ya aina hiyo kwa ajili ya uraniamu.

Karibu na kwetu, kuchopoa kwa kiyeyusho si jambo geni hata kidogo. Nchanga, Zambia, kilianza mwaka 1974 kiwanda kilichokuwa kati ya vikubwa kabisa duniani cha kutoa shaba kwenye marudio ya machimbo kwa njia hii. Kolwezi na miji mingine ya Katanga, ambako Kiswahili ni lugha ya mgodini na ya sokoni, viwanda vya shaba na kobalti hufanya hivyohivyo kila siku. Vingi kati yake hutumia matangi ya kukoroga na ya kutulizia badala ya minara, kwa kuwa ardhi ipo na matangi ni rahisi kuyaelewa, lakini kanuni ni moja. Ipo hata kamba inayoiunganisha shaba hiyo na vihamba: kwa miongo mingi wakulima wa Kilimanjaro wamepulizia mibuni dawa za shaba kuzuia ugonjwa wa chulebuni, na udongo wa mashamba mengi ya zamani ya kahawa umelimbikiza shaba hiyo.

Basi mnara huu una kazi gani hapa mlimani? Njiani kati ya Bomang'ombe na Moshi sikuuona. Nilikwenda Karanga kulitafutia swali hilo jibu.

Karanga, pembeni mwa mji wa Moshi, ni jina la mto, la gereza, na la viatu. Gereza limetengeneza viatu kwa miaka mingi, na sasa pana kiwanda kikubwa cha bidhaa za ngozi, Kilimanjaro International Leather Industries, ubia wa Jeshi la Magereza na mfuko wa hifadhi ya jamii wa PSSSF. Ni jambo la kujivunia: nchi yenye mifugo mingi kama Tanzania imeuza ngozi ghafi kwa muda mrefu mno, na kila ngozi inayogeuzwa kiatu Moshi ni ajira iliyobaki nyumbani. Naliandika hili nikitaka viwanda vya ngozi viongezeke. Ndiyo maana maji yake yanastahili kuzungumzwa kwa makini.

Kutengeneza tani moja ya ngozi mbichi kwa njia ya kawaida hutumia lita 30,000 hadi 40,000 za maji. Kuna maji ya kuosha chumvi na damu, kuna maji ya chokaa na salfaidi yanayong'oa manyoya, na mwisho kuna maji ya kromu, yenye rangi ya bluu na kijani, ambayo ndiyo yanayoifanya ngozi isioze. Ngozi hainywi kromu yote. Kwa kawaida robo hadi theluthi na zaidi inabaki kwenye pipa, na maji hayo yanaweza kuwa na gramu kadhaa za kromu kwa lita. Kanuni za 2007 zinaruhusu miligramu 1. Lakini tazama: maji ya kromu ni sehemu ndogo tu ya zile lita 30,000. Sumu yote ya metali imo kwenye mtungi mmoja mdogo, na mengine yote ni maji ya chumvi, chokaa na mabaki ya nyama.

Kiwanda chochote kikiunganisha mabomba hayo kwenye mtaro mmoja, mambo mawili hutokea. Maji ya kromu ni machachu. Yakikutana na maji ya salfaidi hutoa gesi ya hidrojeni salfaidi, ile yenye harufu ya yai bovu, ambayo imewaua mafundi wa ngozi kwenye mashimo ya majitaka katika nchi nyingi. Na kromu, ikikutana na chokaa, inaganda na kuzama kwenye tope lote. Tope ambalo lingefaa kuwa mbolea linakuwa taka ya hatari, na kromu ambayo ingerudi kwenye pipa imepotea.

Wapenda mitambo wangesema hapa: leteni mnara. Watafiti wamefanya hivyo katika maabara, wakitumia viyeyusho vyenye asidi za fosfori vilivyochanganywa na mafuta ya taa. Tatizo ni tabia ya kromu yenyewe. Ile iliyomo kwenye pipa la ngozi, ambayo wanakemia huiita kromu tatu, imezungukwa na molekuli sita za maji zinazoachia polepole sana. Shaba huhama kwenda kwenye kiyeyusho kwa muda mfupi. Kromu tatu inasitasita, na mnara ambao sifa yake ni wepesi hauna la kufanya na kitu kinachosita. Kwa Karanga, Himo na popote ngozi inapotengenezwa nchini, uamuzi wangu ni kwamba tangi la magnesiamu oksaidi linatosha. Unaweka unga huo, kromu inazama, unamwaga maji ya juu, unayeyusha tope kwa asidi ya salfa, unairudisha kwenye pipa. Hilo linahitaji tangi, unga, fundi makini na bomba la peke yake.

Mnara una mahali pake, ila ni pengine. Fenoli, kwa mfano, ambayo huua bakteria wa mabwawa ya kusafishia ikiwa nyingi, hukimbilia viyeyusho kwa hiari. Sasol ya Afrika Kusini, inayogeuza makaa ya mawe kuwa mafuta, imeondoa fenoli kwenye majitaka yake kwa njia ya viyeyusho iitwayo Phenosolvan, na fenoli iliyopatikana ikauzwa. Hapo masharti yote yametimia: uchafu ni mwingi ndani ya maji machache, unahama haraka, na una bei. Yasipotimia hayo matatu, mnara unageuka mzigo, kwani nao una uchafu wake. Kiyeyusho kama butili asetati huyeyuka kiasi cha gramu 7 hivi katika kila lita ya maji, na lazima kifukuzwe kwa mvuke kabla maji hayajatoka. Vingi vinashika moto. Dikloromethani, ile ya kafeini, imewekewa vizuizi vikali na Marekani mwaka 2024 kwa sababu ya madhara yake kwa binadamu. Kuondoa sumu moja kwa kumwaga nyingine mtoni si usafi.

Kuna pia uchafu usiokubali kiyeyusho hata ukiubembeleza. Watu wa nyanda za Kilimanjaro, Meru na Arusha wanalijua vizuri tatizo la floraidi, lile linaloyaacha meno ya watoto na madoa ya kahawia. Floraidi inayapenda maji kiasi cha kutoyaacha. Dawa yake iliyojaribiwa kwa muda mrefu katika kituo cha Ngurdoto ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, unaoinasa maji yakipita. Kichujio cha Askwar Hilonga, mhandisi wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha aliyeshinda Tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering mwaka 2015, nacho kinatumia mchanga na chembe ndogo sana zinazochaguliwa kulingana na uchafu wa mahali. Kila uchafu una mlango wake wa kutokea.

Nilimalizia Mabogini, chini ya mji wa Moshi, kwenye mabwawa ya majitaka. Ni mabwawa yaliyopangwa kwa mfuatano, maji yakitiririka polepole kutoka moja hadi jingine, mwani, jua na bakteria wakifanya kazi bila pampu wala kemikali. Upande wa pili ni mashamba ya mpunga, na wakulima wamekuwa wakiyachukua maji yanayotoka humo kumwagilia. Kwa choo, sabuni na mabaki ya jikoni, sijui mtambo unaofaa nchi hii kuliko bwawa. Kusini zaidi, TPC, shamba la miwa lililoanzishwa na kampuni ya A.P. Møller ya Denmark mwaka 1930, linatoa majitaka ya sukari, mengi na yenye kuoza, na hayo pia ni chakula cha bakteria. Hata yale maji ya kahawa ya Lyamungu dawa yake ni mashine zinazotumia maji kidogo, kisha shimo la kuchachia na bwawa.

Bakteria hao hawali kromu. Metali ikiingia bwawani haiozi: inazama kwenye tope, au inatoka na maji kwenda kwenye mpunga. Yote niliyoyaona kuanzia kihambani yanaangukia kwenye uamuzi unaofanywa siku kiwanda kinapochorwa kwenye karatasi: mabomba mangapi yatatoka humo, na yataunganishwa wapi. Kuchopoa gramu tatu za sumu ndani ya lita moja ni kazi ya fundi mmoja. Kuzitafuta gramu hizohizo zikiwa zimesambaa ndani ya lita elfu tatu ni kazi isiyo na mtu wa kuilipia.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka miradi mikubwa ya viwanda ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na inawapa wananchi nafasi ya kutoa maoni kabla cheti hakijatolewa. Viwanda vingine vitakuja Hai. Ardhi ipo, barabara ipo, uwanja wa ndege wa KIA uko jirani. Siku mtakapoitwa kwenye mkutano wa kijiji au wa kata, ndugu zangu wa Bomang'ombe, Rundugai na Machame, ulizeni ajira, ulizeni fidia, kisha ombeni mchoro wa mabomba ya majitaka na muonyeshwe kila aina ya maji inatoka wapi na inasafishwa wapi kabla haijachanganywa na nyingine. Mkionyeshwa bomba moja tu, msikubali mpaka mchoro urudiwe.